Fahamu: Jeshi huondokaje katika nchi linayoishikilia?
Kasanga, kusini-magharibi mwa Sumbawanga, nyanda za Ufipa zinaposhuka hadi Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na ngome: Bismarckburg. Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliizingira kwa nchi kavu, boti zao za kivita zikiwa ziwani. Usiku, askari wa ngome hiyo wakatoroka kwa mitumbwi.

Ndio uliokuwa mkakati wa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck: achia ardhi, okoa jeshi. Walioumia ni wanavijiji, waliobebeshwa mizigo na kuporwa chakula. Simulizi za vita huwapita haraka mno.

Miongo sita baadaye, Tanzania ilipopigana na Idi Amin, kuondoka Uganda kulihitaji mpango mwingine. Kampala ilitekwa Aprili 1979, lakini wanajeshi wa Tanzania walibaki hadi 1981, wakilinda usalama huku jeshi na polisi wapya wakifunzwa. Kufikia hapo, hazina ya Tanzania ilikuwa imekauka.