Sinema ya dhahabu iliyomtoa mjomba jasho

Wiki iliyopita nilifanya kituko. Nilimkalisha mjomba wangu, mchimbaji mstaafu, mbele ya sinema ya Kizungu ya mwaka 1948, isiyo na rangi wala karate. Hapa kwetu Shinyanga sinema bila ngumi watu hudai chao, na mjomba alianza kupiga miayo hata kabla haijaanza.

Yenyewe inaitwa The Treasure of the Sierra Madre. Iliongozwa na Mmarekani John Huston.

Msiseme huyu hatuhusu. Mwaka 1951 alitoa The African Queen, aliyoipigia picha Kongo na Uganda. Hadithi ni ya enzi za Mjerumani huku kwetu, na meli ya Wajerumani iliyomo humo inakumbusha ile Graf von Götzen, waliyoizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikaja kuitwa Liemba. Naam, Liemba hiyo hiyo ya Kigoma!

Lakini ya dhahabu ndiyo kiboko. Makapuku watatu wanapanda mlimani huko Mexico kuchimba. Mzee wao ni Walter Huston, baba mzazi wa mwongozaji, naye anawaonya mapema kuwa dhahabu inaharibu roho. Baba na mwana wote walipata Oscar kwa kazi hiyo, mwana akizoa mbili.

Basi, wanapoipata wanaanza kugawana kila jioni, na kila mtu anaficha fungu lake. Dobbs, yaani Humphrey Bogart, hapati usingizi. Anaongea peke yake kama mwehu, anamwona kila mwenzake mwizi.

Mjomba akaacha miayo. "Mpwa wangu, huyu si ndiye mimi?"

Ndipo akanisimulia. Miaka ya tisini alichimba Nyarugusu, kule Geita, duara moja na rafiki yake. Miezi saba walipasua mwamba mtupu, wakala ugali na dagaa sahani moja, wala hawakugombana. Siku duara lilipotema, wakatwanga, wakaosha, wakagawana. Usiku ule mjomba alihamisha mzigo wake mara tatu. Kulipokucha, gramu hazikutimia. Akamwita mwenzake mwizi mbele ya kambi nzima. Jamaa hakujibu kitu, akabeba koleo lake akaondoka.

Siku ya tatu mjomba alivaa buti lake la mvua. Mguu ukagonga kitu. Dhahabu ilikuwa humo, alipoificha kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini hukumfuata?" nikamuuliza.

"Aibu, mwanangu. Aibu nzito kuliko jiwe."

Mwisho wa sinema majambazi wanamuua Dobbs, wanadhani dhahabu ile ya unga ni mchanga, wanaimwaga. Upepo unaipeperusha kurudi mlimani. Mzee na yule kijana aliyebaki wanaangua kicheko mpaka basi. Mimi nami nikacheka.

Mjomba hakucheka. Alifuta jasho, akaniuliza nauli ya Geita siku hizi ni kiasi gani. Amesikia rafiki yake bado yuko kule kule, ana wajukuu. Keshokutwa anapanda basi, na ameniomba nimsindikize, maana hajui aanze na neno gani.

Ninyi mnaochimba duara moja, kabla hamjaitana wezi, kung'uteni buti kwanza. Ya Geita nitawaletea hapa hapa.