Panzi wa udongo ana mifupa

Mwalimu wa sayansi akitaka wanafunzi wajifunze maumbile ya mdudu kwa mikono, mara nyingi hukimbilia udongo. Wanafinyanga kichwa, kifua na tumbo, wanachomeka njiti sita za miguu, wanapewa vema. Hesabu ya viungo imekamilika, lakini walichounda ni nyama laini juu, mti mgumu ndani. Huo ni mwili wa binadamu.

Panzi hana mfupa. Gamba la nje ndilo linalomshikilia, na misuli yake imejishika upande wa ndani wa gamba hilo. Basi tafuta kitu chenye uwazi. Kikonyo cha jani la mpapai kinafaa sana kwa mguu wa nyuma. Kata kipande kinene kiwe paja na chembamba kiwe muundi, viunge kwa pini ili goti likunjike, kisha pitisha nyuzi mbili ndani ya paja: moja uifunge juu ya ncha ya muundi, nyingine chini. Vuta moja, mguu unanyooka. Vuta ya pili, unakunjika. Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kwa nini paja la panzi limenona vile: limejaa msuli wa kuruka.

Kiwiliwili kiwe cha karatasi ngumu, na kifunguke. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Louis Auzoux alitengeneza madundu makubwa ya karatasi na gundi yaliyofunguliwa kipande kwa kipande. Sioni sababu ya sisi kushindwa kwa maboksi. Kifua kina pingili tatu, kila moja na jozi yake ya miguu. Mabawa yako kwenye ya pili na ya tatu. Ubavuni toboa matundu ya hewa, jozi mbili kifuani na nane tumboni, maana panzi hana mapafu: hewa hupita kwenye vijibomba hadi ndani ya misuli bila kubebwa na damu.

Masikio, ambayo wengi huyabandika kichwani, yako kwenye pingili ya kwanza ya tumbo. Lakini walimu wa Bukoba wasinakili hilo wakiunda senene. Yeye husikia kwa miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, na vipapasio vyake ni virefu kuliko mwili. Bora darasa limkamate mmoja, limchunguze kabla hajaingia kikaangoni.