Shimo Jipya Shambani: Ni Nani Aliyelichimba?

Mvua za masika zinapokaribia, wakulima wengi wa Kilifi hurudi mashambani kufyeka na kulima. Huo ndio wakati watu hukutana na mashimo. Jana hayakuwepo, leo asubuhi yako matatu au manne chini ya mkorosho, udongo umerushwa nyuma kama uliochotwa kwa jembe. Neno la kwanza linalotamkwa ni "nyoka". Linalofuata ni mafuta ya taa na kiberiti, au vijana na mapanga.

Mara nyingi neno hilo la kwanza huwa si kweli. Shimo lenye udongo mbichi huwa limechimbwa na mnyama aliyekuja kumtafuta nyoka, mjusi, panya au mabuu, akapata au akakosa, akaenda zake. Ni vyema mkaazi aweze kutofautisha alama za mwindaji na makao ya anayewindwa. Anayekosea huua mnyama asiye na hatia kwake, au huingiza mkono mahali ambapo hakupaswa kuuingiza.

Nyoka wengi hawachimbi. Hawana miguu wala kucha za kazi hiyo. Bafe, ambaye wengine humwita moma, hulala chini ya majani makavu au huingia katika shimo lililoachwa na panya. Chatu hupenda mashimo makubwa yaliyochimbwa na nungunungu au muhanga. Swila hukaa katika vichuguu vilivyohamwa na mchwa. Mmoja wao ni wa hapa kwetu: swila mkubwa wa kutema mate, anayeweza kukaribia mita 2.7, alitambuliwa na wanasayansi kuwa aina ya peke yake mwaka wa 2007, kutokana na sampuli ya Watamu. Jina lake la kisayansi, Naja ashei, linamuenzi James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu.

Wako pia wanaoishi chini ya ardhi kwelikweli. Guruguru, yule mjusi mkubwa wa magamba magumu anayefikia karibu sentimita 50 pamoja na mkia, hukaa mashimoni na vichuguuni, na hutoka jua likipanda kuota na kula. Hana sumu. Kuna nyoka wadogo wanaofanana na mnyoo mkubwa unaong'aa, macho yao yakiwa vidoa tu, ambao hula mchwa, siafu na mayai yao. Hao pia hawana madhara kwa mtu. Kisha kuna mmoja mweusi, mwembamba, mara nyingi asiyezidi urefu wa mkono wa mtu mzima, anayetembea chini ya udongo na kutoka juu usiku, hasa baada ya mvua. Huyu ana sumu, na tutamrudia.

Upande wa pili wako wanyama wanaonyonyesha ambao wameumbwa kufukua. Anayeongoza ni nyegere. Dume huweza kufika kilo 14, jike ni mdogo zaidi. Miguu yake ya mbele ni minene, na kucha zake ni ndefu karibu kama kidole cha mtoto. Pua yake hufanya kazi kabla ya kucha: hutembea akinusa huku na huko, hupita shimo moja bila kusimama, kisha husimama penye jingine na kuanza kufukua kwa kasi inayomshangaza anayemwona kwa mara ya kwanza. Kicheche, yule mdogo mwenye mistari myeupe na harufu isiyosahaulika, hufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango chake: mabuu, panya wachanga, mijusi, na nyoka wadogo. Nguchiro wako wa aina kadhaa. Mwembamba mwenye ncha nyeusi ya mkia huwinda peke yake mchana. Wale wa milia hutembea kwa makundi wakipekua udongo kutafuta wadudu, na wakikuta mayai ya mjusi au nyoka hawayaachi. Kalunguyeye naye, licha ya udogo wake, hula mijusi na hata nyoka akiwapata.

Kwa mtambaazi, shimo ni kinga na pia ni mtego. Ndani humo hapigwi na jua wala hafikiwi na kipanga. Lakini mlango mara nyingi ni mmoja. Na kwa kuwa mwili wake hauzalishi joto la kutosha wenyewe, akipoa hupungua kasi. Nyegere anayefukua saa nane usiku ana damu moto na nguvu zake zote, huku mwenye shimo akiwa amelala, hana pa kukimbilia.

Hata hivyo hawakubali kirahisi. Guruguru akifikiwa hujaza pumzi, mwili ukavimba na magamba yakakwama kwenye kuta za shimo au ufa wa jiwe. Ukimvuta mkia unaweza kubaki na mkia. Nyegere hutatua hilo kwa kubomoa ukuta wenyewe. Wale nyoka wadogo wa kula mchwa wana magamba laini yaliyobanana kiasi kwamba meno huteleza, na huchomachoma kwa ncha ya mkia ambayo haina sumu yoyote. Bafe hujikunja, hutoa sauti ya pumzi nzito, na hupiga kwa haraka. Hapo nyegere hutegemea ngozi yake, nene na iliyolegea mwilini kiasi kwamba aliyeumwa au kushikwa anaweza kujigeuza ndani yake na kumrukia adui. Hulenga kichwa cha nyoka, huuma, kisha huanza kula.

Watu wengi husema nyegere hadhuriki na sumu. Si kweli kabisa, ingawa si uongo mtupu. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza kwamba nyegere, kalunguyeye na nguruwe wana badiliko dogo katika vipokezi vya misuli, pale ambapo neva hukabidhi amri ya "kaza". Sumu ya swila wengi hupooza misuli kwa kujibandika kwenye vipokezi hivyo. Kipokezi kikibadilika umbo, sumu haishiki vizuri, kama ufunguo wa zamani kwenye kitasa kilichobadilishwa. Nguchiro ana kinga ya namna hiyo iliyojulikana hata kabla ya utafiti huo. Lakini sumu ya bafe hufanya kazi kwa njia nyingine, kwa kuharibu nyama na mishipa ya damu, na kitasa hicho hakiizuii. Katika jangwa la Kalahari nyegere mmoja alirekodiwa kwenye filamu akiwa amezimia baada ya kuumwa na bafe. Alilala zaidi ya saa moja kama mfu, kisha akaamka na kumaliza kumla nyoka huyohuyo.

Huko Kalahari, mpakani mwa Botswana na Afrika Kusini, ndiko nyegere walikofuatwa kwa karibu zaidi. Colleen na Keith Begg walitumia miaka ya mwisho ya 1990 wakitembea nyuma ya nyegere waliozoea kuwaona watu, wakiandika kila alichofukua. Katika mchanga ule mjusi mdogo hukaa kwenye mdomo wa shimo lake jioni akilia kuita jike, na nyegere humfukua mmoja baada ya mwingine, usiku kucha. Waliona pia kipanga akimfuata nyegere mtini kwa mti. Panya au mjusi anayetoroka kupitia mlango wa nyuma humwangukia kipanga. Anayefukua hulisha wengine bila kukusudia.

Wakaazi wengine huuliza: ikiwa hawa hula nyoka, kwa nini tusiwakusanye nguchiro na kuwaachilia penye nyoka wengi? Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka wa 1979 katika kisiwa cha Amami Oshima, Japani, waliachiliwa nguchiro 30 hivi kutoka nje ili wapunguze nyoka mmoja hatari anayeitwa habu. Habu hutembea usiku, nguchiro huwinda mchana. Hawakukutana vya kutosha. Nguchiro wakaongezeka, wakawala sungura adimu wa kisiwa hicho na wanyama wengine wa pale, na serikali ikalazimika kuwanasa kwa miaka mingi hadi Septemba 2024 ilipotangaza kuwa wameisha. Kwetu nguchiro si mgeni. Hapa wa mchana na wa usiku wapo pamoja, kila mmoja na saa yake na ukubwa wa shimo analoweza kuingia. Wakiachwa walipo, wanafanya kazi yao bila mtu kuwapanga. Hawatamaliza nyoka, wala hakuna anayepaswa kulala mlango wazi kwa sababu ameona nguchiro uani.

Nyegere ana makosa yake, na itakuwa si haki kwa wafugaji nyuki na kuku kutoyataja. Huangusha mzinga, huuvunja na kula masega pamoja na watoto wa nyuki. Huingia bandani kwa kufukua chini ya ukuta na anaweza kuua kuku wengi usiku mmoja. Hasira ya mwenye mali inaeleweka. Lakini kuweka nyama yenye sumu hakumfikii nyegere peke yake: mbwa wa jirani, fungo, kanu na ndege wala mizoga hufa pia, na mtoto anaweza kuiokota. Aidha, chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kuua mnyamapori bila idhini ni kosa. Mzinga uliotundikwa kwa waya mbali na shina, au ulioinuliwa zaidi ya mita moja juu ya nguzo zilizofungwa bati laini, humshinda mara nyingi. Kwa banda la kuku, fukia wavu wa waya ardhini kuzunguka ukuta, futi moja na nusu kwenda chini, kwa kuwa nyegere huanza kufukua palepale ukuta unapogusa udongo.

Sasa turudi kwenye lile shimo la asubuhi. Likiwa pana kwa juu na jembamba chini, lina michirizi mirefu ya kucha ukutani, udongo umerushwa upande mmoja, na yako mengine kama hilo karibu, huenda nyegere alipita. Vishimo vingi vya kina kifupi, kama vilivyochokorwa kwa kijiti, ni vya nguchiro au kicheche. Shimo kubwa ubavuni mwa kichuguu, lenye lundo zito la udongo, ni la muhanga, ambaye hutafuta mchwa. Mashimo hayo ya mwindaji unaweza kuyafukia mchana bila wasiwasi mkubwa, ukitumia jembe la mpini mrefu na viatu vigumu.

Lililo la kuangaliwa zaidi ni shimo kuukuu: mdomo laini uliosuguliwa, hakuna udongo mpya, hakuna utando wa buibui, na pengine ganda la nyoka karibu. Hilo lina mpangaji. Usiingize mkono wala fimbo, usimwage mafuta, usiwashe moto. Kilicho ndani kina mlango mmoja, na wewe ndiye uliyesimama mlangoni. Waweke watoto mbali na uombe msaada kupitia ofisi ya chifu au kituo cha KWS kilicho karibu. Kinachomleta nyoka karibu na nyumba kwa kawaida ni panya, kwa hiyo ghala lililoinuliwa, nafaka isiyomwagika, na kuni zilizopangwa mbali na ukuta husaidia kuliko sumu yoyote.

Na yule mweusi mwembamba wa chini ya udongo? Vijana wengi humshika nyuma ya kichwa wakidhani ni salama, kama wanavyoona washika nyoka wakifanya. Kwa huyu si salama hata kidogo. Meno yake ya sumu hutokea pembeni bila yeye kufungua mdomo, na huchoma kidole kinachomshika. Hakuna dawa ya kuzuia sumu yake. Wengi hupona, lakini maumivu ni makali na kidole kinaweza kuharibika. Baada ya mvua tembea na tochi, na usimwokote nyoka yeyote mdogo, awe hai au anayeonekana kufa.

Mtu akiumwa na nyoka yeyote, mtulize na umlaze. Vua pete, bangili na viatu upande ulioumwa kabla ya kuvimba. Funga mguu au mkono kwa kibao usitikisike, bila kukaza kamba ya kuzuia damu. Usichanje, usinyonye, usipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi safi, mfululizo. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Si lazima umuue nyoka au umbebe: ukubwa, rangi, na kama alitema au alijikunja na kupuliza, vinatosha kumweleza daktari.