Kinu Kikubwa, Dhahabu Nyingi? Kweli na Uongo wa Kusaga Mawe

Ukiishi Kasongo au Salamabila umeshayasikia haya, hasa mtu anapochanga pesa za kinu.

"Mawe ya shimo moja ni yale yale, kipande kimoja kinatosha kupima ugumu." Uongo, na ndio unaotia watu hasara kuliko yote. Jiwe la juu limelainishwa na mvua na miaka, unaliponda kwa vidole. Chini yake unakutana na kwatsi mbichi inayorudisha nyundo. Hata wakubwa hukwama: pale Namoya, Kabambare, udongo laini uliojaa kwenye mawe uliisumbua kampuni ya Banro hadi ikabadilisha mtambo, kabla ya kutangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Basi chukua mawe ya kila kina, kila fungu na alama yake. Kipimo cha ugumu wa kusaga kinachoaminika ni cha Fred Bond, mhandisi wa Marekani aliyetangaza nadharia yake mwaka 1952. Kiasi cha kilo 10 za mawe hupondwa hadi zipite chekecho la milimita 3.35, kisha husagwa kidogo kidogo katika kinu cha sentimita 30 chenye gololi 285 za chuma. Jibu ni umeme unaohitajika kwa kila tani. Hapo ndipo unapojua ununue mota gani.

"Jiwe linalokwaruza chuma litashinda kinu." Si lazima. Kasiterite ya Maniema, yaani mawe ya bati, inakwaruza kioo, ila ikipigwa hupasuka upesi.

"Saga kama unga wa muhogo, utapata zaidi." Uongo, mara nyingi. Kasiterite ikiwa vumbi huondoka na maji ya kuoshea. Na kwa hesabu ya Bond, kushuka kutoka milimita 2 hadi mikroni 50 badala ya 100 huongeza umeme kwa zaidi ya nusu. Mazutu ya jenereta ya kutoa umeme huo nani atailipa?

"Choma jiwe kwanza, litatwangika." Kweli! Wazee waliona sawa: kwatsi ikipata moto mkali kisha maji, hupasuka ndani, na mama anayetwanga hupunguziwa kazi. Ila jiwe lenye madini ya kung'aa ya salfa au aseniki hutoa moshi wenye sumu. Hilo usilichome kabisa. Na kama utachoma kabla ya kusaga, peleka kupimwa jiwe lililochomwa vile vile, la sivyo utanunua mota kubwa kuliko kazi yako.