Somo la Redio: Masikio ya Muuguzi

  Leo tutazungumza juu ya kazi moja ya muuguzi isiyotaka sindano wala dawa. Kazi hiyo ni kusikiliza.

Kwanza, kila mmoja apapase mgongo wake. Mnagusa mifupa midogo iliyopangana. Ndani yake umepita ugwe wa mishipa ya fahamu. Ugwe huo hupeleka amri za ubongo mwilini, na kurudisha habari za maumivu, joto na haja. Mtu akianguka kutoka mnazini, au akipata ajali ya gari, ugwe waweza kuumia. Hapo miguu haisogei, na pengine hata mikono. Kibofu kikijaa, mwenyewe hana habari.

Zamani wengi walioumia hivyo walikufa upesi. Mwaka 1944 Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Waligeuzwa kitandani mchana na usiku wasipate vidonda, wakapewa kazi na michezo. Mwaka 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde. Basi, maisha yapo baada ya ajali.

Tuchukue mfano. Kijana mkwezi ameumia shingo. Anasema, "Sista, mimi sasa ni gogo tu."

Muuguzi mwenye haraka hujibu, "Usiseme hivyo, utapona," akaenda zake. Amefunga mlango. Tena ameahidi jambo asilolijua.

Muuguzi msikivu huvuta kiti, huketi, hunyamaza kidogo. Kisha husema, "Unajiona huna kazi tena. Ni jambo gani linalokuumiza zaidi, kaka?"

Kijana anajibu, "Nani atawalisha wanangu?"

Sasa shida imejulikana. Jamaa zake na watu wa ustawi wa jamii waweza kuitwa.

Siku nyingine kijana anasema, "Sista, kichwa kinanigonga, na jasho lanitoka usoni." Asiyesikiliza atampa kidonge tu. Lakini kwa aliyeumia shingo au kifua cha juu, maneno hayo ni kengele ya hatari. Huenda mpira wa mkojo umejikunja, kibofu kimejaa, na shinikizo la damu linapanda ghafula. Aweza kufa. Muuguzi humketisha wima, hulegeza nguo, hunyosha mpira, hupima shinikizo, na kumwita daktari mara moja.

Mnaona? Mwili wa kijana hauwezi kumwambia kwamba kibofu kimejaa. Maneno yake ndiyo yaliyomwokoa, kwa kuwa alikuwapo wa kuyasikia. Wazee husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tumwulize anayekilalia.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini jibu la "utapona" halikufaa?
2. Nyumbani kwenu, ni nani anayehitaji kusikilizwa leo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.