Chakula bora nyumbani Rusizi: Kinachokula fedha ni mkaa, si maharagwe

SAA kumi na moja jioni ndiyo saa ambayo soko la Kamembe hupiga kelele kuliko saa zote. Wanaotoka kazini wanapita haraka haraka, wauza mboga wanapunguza bei kwa kuwa mchicha wa leo hautauzika kesho, na akina mama waliorudi kutoka Bukavu kwa daraja la mto Rusizi wanatua mabeseni yao na kuhesabu walichopata. Kiswahili, Kinyarwanda na Kishi vinachanganyika mpaka mgeni hajui aanzie wapi kuuliza bei. Swali la kila mmoja hapo ni moja tu: leo tunapika nini? Na jibu lake, mara nyingi, haliamuliwi na kilichopo juu ya meza ya muuzaji. Linaamuliwa na mkaa uliobaki nyumbani.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa njia ya aibu. Nilipohamia Kamembe nilipanga chumba kimoja, nikanunua sufuria mbili na jiko la mkaa, lile ambalo Wanyarwanda huliita imbabura. Nikajiona mjanja. Maharagwe ni rahisi, nikasema, basi nitakula maharagwe na fedha itabaki. Siku ya kwanza niliyabandika saa kumi na mbili jioni, yakiwa makavu kama yalivyotoka sokoni, na nyanya nikaitia humo humo mapema ili ladha iingie. Saa tatu usiku yalikuwa bado yanagonga mwiko kama kokoto. Nikaongeza mkaa, nikaongeza maji. Saa nne nikatoka kwenda kununua chapati mbili na chai, nikala nimesimama barazani kwa muuzaji. Nilipopiga hesabu kesho yake niliona kwamba mkaa ulioteketea ulinigharimu zaidi ya maharagwe yenyewe, na bado nilikuwa sijala hata kijiko.

Ndugu msomaji, nasimulia kisa hiki kwa sababu naamini ndicho kisa cha nyumba nyingi, ingawa si wote wanaokiri. Watu husema chakula bora ni ghali. Ukichunguza kikapu cha mtu wa Rusizi utakuta viungo vya chakula bora vimo humo, tena kwa bei ambayo wakazi wa Kigali wangeionea wivu. Kinachopanda bei ni safari ya kutoka kwenye kikapu hadi kwenye sahani.

Na suala hili si la ladha peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Rwanda mwaka 2019 hadi 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2010 walikuwa 44, kwa hiyo hatua imepigwa. Lakini Mkoa wa Magharibi, ambao wilaya yetu imo ndani yake, ulikuwa juu ya wastani huo wa taifa, karibu watoto 40 kati ya 100. Na huu ndio mkoa wenye Ziwa Kivu lote la upande wa Rwanda! Kwetu hapa kuna samaki, kuna mpunga wa bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya nchi hii, kuna parachichi zinazoanguka zenyewe, kuna maharagwe na mihogo. Chakula kipo. Sehemu kubwa ya kile kilicho bora inapanda mashua au inavuka daraja kwenda kuuzwa, na nyumbani kunabaki ubugari wa muhogo na mchuzi mwepesi.

Tuanze na maharagwe, maana ndiyo nguzo. Gramu 100 za maharagwe makavu zina gramu 20 hivi za protini, kiasi ambacho kwa nyama kingekutoa jasho mfukoni. Tatizo lake ni muda tu, na dawa ya muda ni maji baridi. Usiku kabla ya kulala, chambua, osha, tia kwenye sufuria na maji mengi, funika. Asubuhi au jioni yake mwaga maji hayo, weka mapya, bandika. Yaliyolowekwa huiva mapema zaidi kwa tofauti kubwa, na maharagwe mapya ya msimu huiva mapema kuliko ya mwaka jana, kwa hiyo usione haya kumuuliza muuzaji yalivunwa lini. Nyanya, limau na kitu chochote chenye uchachu kingoje hadi yamelainika, kwani uchachu huyafanya yagome. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili siku ile. Wapo wanaotia magadi ili yaive upesi. Yanaiva kweli, ila sehemu ya vitamini hupotea humo, na kwa mtu aliyeloweka sioni haja.

Kuna ujanja mwingine ambao bibi zetu wangeuelewa bila kuelezwa. Yakishachemka kwa nguvu nusu saa hivi, epua sufuria ikiwa imefunikwa barabara, iweke ndani ya kikapu au boksi lililojazwa majani makavu ya migomba na nguo kuukuu, funika kwa blanketi, kisha nenda zako. Joto lililomo ndani linaendelea kupika bila hata kipande kimoja cha mkaa. Ukirudi baada ya saa tatu nne yamelainika, au yamebakiza kidogo tu; yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Lakini ile nusu saa ya kuchemka usiikate. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, na sumu hiyo huondolewa na mchemko mkali, si na vuguvugu.

Kuhusu aina ya kununua, kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha sokoni. Kuanzia mwaka 2010 Rwanda imekuwa ikisambaza mbegu za maharagwe yaliyozalishwa kwa njia ya kawaida ya kuchagua mbegu ili yawe na madini mengi ya chuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wasichana 195 wa chuo kikuu mjini Huye waliokuwa na upungufu wa madini hayo walilishwa maharagwe kwa siku 128, baadhi yao yale mapya, wengine ya kawaida. Waliokula yale mapya walipata nafuu kubwa zaidi katika damu yao. Hakuna kidonge kilichotumika. Ni sahani ya maharagwe tu.

Ila hapa kwetu tuna mazoea yanayoharibu kazi hiyo. Sisi ni watu wa chai. Mashamba ya Shagasha yako jirani, na chai ikimiminwa pamoja na chakula hakuna anayeshangaa. Chai, na kahawa vilevile, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga. Si lazima kuiacha. Isogeze tu saa moja au mbili baada ya mlo. Mahali pake pawe na kipande cha chungwa, au nyanya mbichi iliyokatwakatwa na kukamuliwa limau juu yake. Hivyo huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Kwa mama mjamzito tofauti hiyo si ndogo.

Sasa tuje ziwani. Isambaza, jina ambalo msemaji wa Kiswahili hulisikia kama amri, si wenyeji wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za utawala wa Wabelgiji, na leo ndio samaki wanaowalisha watu wa kingo zote mbili. Wavuvi, wakiwemo wa kisiwa cha Nkombo, hutoka usiku na mashua tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiwasha taa ili samaki wausogelee mwanga. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi samaki hupungua: mwezi unashindana na taa. Mnunuzi mwenye akili huangalia angani kabla ya kwenda sokoni. Aidha, uvuvi hufungwa kwa muda kila mwaka, kwa kawaida miezi miwili, ili samaki wazaliane, na kipindi hicho aliyehifadhi wakavu ndiye mwenye raha.

Uzuri wa isambaza ni kwamba huliwa mzima, kichwa na mifupa, na humo ndimo yalimo madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Wengi huwakaanga kwenye mafuta mengi hadi wakauke kama bisi. Ni watamu, sikatai, hasa pale kando ya ziwa mtu akiwa na kinywaji baridi mbele yake. Kwa mlo wa kila siku, hata hivyo, mafuta hayo ni gharama ya pili baada ya mkaa. Nyumbani nachukua wakavu kiganja kimoja, naosha kwa maji ya moto, nawakausha dakika mbili tatu kwenye sufuria bila mafuta hadi harufu igeuke, kisha natia kitunguu, mafuta kijiko kimoja, nyanya mbili, maji kikombe. Robo saa imekwisha. Kiganja hicho kinatosha watu watatu, kwa sababu hapa samaki ni kiungo cha mchuzi, hawakuwekwa wajaze sahani. Kwa mtoto mdogo wasage wakiwa wakavu kwenye kinu, upate unga, na kijiko chake kitie kwenye uji au kwenye viazi vilivyopondwa. Mtoto hatajua, ila mwili wake utajua.

Mboga za majani zina hesabu yake. Isombe, yaani kisamvu, ndiyo fahari ya meza ya hapa na ya ng'ambo ya mto, na sitathubutu kuisema vibaya. Lakini majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kifuniko ndipo yawe salama, na anayeharakisha anacheza na afya ya wanawe. Kwa hiyo isombe iwe ya Jumapili, ipikwe nyingi, kwa karanga za kusaga, ikiwezekana na majirani mkichangia mkaa. Siku za kazi zipewe dodo, ambayo Watanzania huiita mchicha, au isogi, yaani mgagani, au majani machanga ya maboga na ya maharagwe. Dodo huiva kwa dakika tano. Ukichemsha nusu saa na kumwaga maji umemwaga ulichokinunua.

Tone la mafuta ni la lazima, kwa sababu vitamini A iliyo katika majani haipokelewi vizuri bila mafuta. Mawese mekundu yanayopatikana sokoni yana vitamini hiyo pia, mradi usiyaunguze hadi yawe meupe. Kijiko kimoja au viwili kwa sufuria nzima, inatosha. Asiye na mafuta kabisa akate parachichi pembeni.

Jioni ya kawaida nyumbani kwangu siku hizi iko hivi. Maharagwe yaliyotoka kwenye kikapu yanarudi motoni. Yakishachemka nakata ndizi mbichi mbili tatu au viazi vitamu, natia humo humo. Dakika kumi kabla ya kuepua natia nyanya, kitunguu na karoti, mwishoni kabisa dodo iliyokatwa na kijiko cha mawese. Sufuria moja, moto mmoja, na kuosha ni kumoja. Wanyarwanda wana agatogo yao ya ndizi, hii ni binamu yake maskini. Kinachobaki nakichemsha tena asubuhi hadi kitokote kweli, nakila mchana, na sikivushi siku nyingine kwa kuwa sina friji.

Wenye watoto nawaombea jambo moja la ziada. Katika majiko ya vijiji, ile mikusanyiko ya akina mama inayoitwa igikoni cy'umudugudu, kila mmoja huja na alichonacho, huyu majani, yule samaki, mwingine yai, na wote wanapika pamoja kwa ajili ya watoto. Nilikaa pembeni siku moja nikitazama. Kilichonivutia hakikuwa uji wenyewe, ambao kwa kweli ulikosa chumvi. Ni kwamba baba waliokuwepo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwenye fedha ya soko mara nyingi ni baba, na ndiye huyo anayepewa samaki mkubwa kwenye sahani huku mwenye miaka miwili akichovya ugali kwenye mchuzi.

Na mpaka? Sikutaja bei popote kwa sababu hapa bei ina miguu. Inatembea na daraja. Machi 2020 njia za kuvuka zilipofungwa kwa ajili ya Corona, na Juni mwaka huo wakazi wa mji wetu walipoamriwa tena kubaki majumbani wakati sehemu nyingine za nchi zikianza kupumua, wengi walipoteza kipato kwa siku moja. Jirani yangu mmoja alikuwa na magunia matano ya udongo nyuma ya nyumba, kila gunia limetobolewa ubavuni na kupandwa dodo, vitunguu na karoti. Kabla ya hapo tulikuwa tukimtania kwamba analima makaburi. Wiki ya tatu tulikuwa tunabisha hodi kwake na visahani mkononi, na alitupa, ingawa kila mara alikumbusha habari ya makaburi.

Magunia mawili ninayo mimi sasa. Na juu ya meza, ninapoandika haya saa nne usiku, kuna sufuria iliyofunikwa, maharagwe vikombe viwili, maji yamezidi vidole vinne.