Kulishona ziwa kwa vitenge

Anayeshuka kutoka milima ya Rurambo kuelekea mji wa Uvira huliona Ziwa Tanganyika mapema, kabla hajakanyaga mchanga wake, na kutoka juu maji hayana bluu moja. Mto Ruzizi unapoingia ziwani huyatia rangi ya udongo. Mbele kuna kijani, kisha bluu nzito, na mwisho kabisa kijivu. Kwa hiyo anayetaka kulishona ziwa hili katika mfarishi wa ukutani asikimbilie kununua kitambaa cha bluu. Aokote vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi.

Kisha avigeuze. Kitenge cha waksi halisi kimeshika rangi pande zote mbili, lakini kile cha bei nafuu, kilichochapwa upande mmoja, kina mgongo uliopauka. Mgongo huo usiudharau, ndio mali yenyewe. Hewa hufifisha kilicho mbali, basi milima ya Burundi ng'ambo ikate upande huo wa nyuma ukiwa juu. Ukilitazama ziwa kuelekea kusini, milima iache: ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na huko maji hukutana na mbingu.

Katika kupanga, cha karibu hukifunika cha mbali. Tandaza mbingu kwanza, halafu milima, halafu maji, kila utepe ukikalia ukingo wa chini wa ule uliotangulia. Maji ya mbali yape upana wa kidole kimoja, ya karibu vidole vinne. Wengi huharibu hapa: wanakata tepe zote sawa, na ziwa linasimama kama ukuta badala ya kulala. Povu lisiguswe na mkasi. Chana kitambaa cheupe kwa mkono, nyuzi zichomoze.

Chini ya picha weka pamba au blanketi kuukuu, kisha bitana, ushone vyote pamoja. Mishono iliyobanana huilaza pamba, iliyoachana huiacha ivimbe. Ibane kwenye maji ya mbali, ilegeze ufukweni, na mawimbi yatainuka yenyewe.

Ukitaka ziwa la usiku, taa za wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, zinatosha kwa uzi wa njano: mshono mmoja mfupi kwa kila taa, na chini yake mishono miwili mitatu iliyopauka, iliyokatikakatika, kwa kuwa mwanga juu ya maji hautulii.